Babu, vumbi la Kongo na sukari

Nimepotea, mitihani ilinibana kwelikweli. Leo nina stori ya nyumbani Didia. Ni ya wanaume, ila akina dada msikimbie, inawahusu kuliko mnavyodhani.

Kwetu Usukumani baba hamwambii mwanae mambo ya chumbani, hata siku moja. Ila babu na mjukuu ni watani. Babu yangu ananiita "mume mwenzangu", maana bibi ni mke wetu sote, hahaha! Basi likizo iliyopita tumekaa nje tunatafuna michembe, mzee akasema taratibu: "Mume mwenzangu, jogoo hawiki." Nikadhani utani. Kumbe ana mwaka mzima hivyo, na kila akienda Tinde anarudi na kikaratasi cha vumbi la Kongo.

Hiyo kitu mnaijua. Barabara yetu ni ya malori, na vijana wetu wanakwenda Mwakitolyo, Kahama mpaka Geita kutafuta dhahabu. Vumbi linawafuata hukohuko. Halina lebo wala kipimo. Katika nchi nyingi wapimaji wamekuta dawa "za asili" za nguvu za kiume zimechanganywa kimyakimya na sildenafili, yaani dawa ileile ya Viagra. Mtu anasifia mizizi kumbe anameza dawa ya hospitali asiyojua kiasi chake! Na ikikutana na dawa za moyo za naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi, presha inaporomoka na unaweza kufa.

Lakini kilichonishtua si jogoo. Usiku anaamka kukojoa mara nne, tano. Kiu haiishi. Suruali bibi kaipunguza kiuno mara mbili. Mimi nasomea ualimu, ila ninayelala naye chumba kimoja anasomea udaktari na ana tabia ya kusoma kwa sauti, kwa hiyo mengine yameniingia bila kupenda. Nikamwambia, babu, hiyo ni sukari. Akakataa: "Sukari ni ya matajiri wa mjini, sisi tunalima." Tumebishana siku tatu. Bibi ndiye aliyemaliza kesi, alificha kile kikaratasi akasema kapimwe kwanza. Kupimwa kabla ya kula: 14! Ikifika 7 kwenda juu, na ikirudiwa ikawa hivyohivyo, hicho ni kisukari.

Jamani, mambo haya yanaunganishwa na mshipa. Uume unasimama kwa kujaa damu, na mishipa yake ni myembamba kuliko ile ya moyo. Mwili unatoa nitriki oksaidi, misuli ya mishipa inalegea, damu inaingia. (Waliogundua kazi ya gesi hiyo mwilini walipewa tuzo ya Nobel 1998, mwaka uleule Viagra iliporuhusiwa Marekani.) Sukari, presha na sigara vinaharibu mishipa hiyo, na myembamba ndiyo inaziba mapema. Ndiyo maana kwa wengine jogoo ananyamaza miaka kadhaa kabla moyo haujaleta shida. Watafiti waliowapima wanaume wa kliniki ya kisukari pale Muhimbili, kwenye ripoti ya 2014, walikuta zaidi ya nusu wana tatizo hili. Zaidi ya nusu! Sasa huyo anayenunua vumbi stendi anaficha habari ambayo mwili wake unamletea bure.

Babu sasa anameza metifomini, kopo la sukari ya chai bibi amelifungia kabatini, na daktari kamwambia za nguvu za kiume wataziongelea baada ya kuuangalia moyo wake. Jogoo anawika siku mojamoja. Hayo nimeambiwa na yeye, mimi simo.

Hapa hosteli nako kuna wenye miaka 22 wanaolamba hilo vumbi ili wasiaibike. Nilimuuliza mmoja wa chumba cha jirani: asubuhi ukiamka vipi, kinasimama? Akasema kila siku. Basi mabomba yako mara nyingi ni mazima, hapo ni hofu, pombe, kukesha na hizo video mnazoangalia mkidhani ndiyo kipimo. Hofu inakaza mishipa ileile inayotakiwa kulegea. Dawa yake ni kuongea na mwenzako, na ikizidi, na mshauri.

Ila wale wenye dawa za presha, msiziache kimyakimya kwa sababu ya hili. Zipo zinazopunguza nguvu, na daktari anaweza kukubadilishia.

Huyo jirani baba yake ana kisukari na yeye anavuta sigara balaa. Kaniomba nimsindikize zahanati kesho saa mbili asubuhi. Nimemwambia asinywe chai.