Nuru inayojeruhi, nuru inayoponya

Muhogo uliopandwa nyuma ya kanisa letu hauwezi kukimbilia kivulini. Jua linaloulisha ndilo pia linaloujeruhi: miale yake ya urujuanimno hugandamanisha herufi mbili jirani za DNA, yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli. Kwanza mmea hujikinga kwa kutandaza katika ngozi ya jani kemikali zinazoinasa miale hiyo. Jeraha likipenya, seli husita kujigawa, ili kosa lisirithishwe. Kisha kimeng'enya kiitwacho fotoliasi huzitenganisha herufi zile, kikitumia nguvu ya mwanga wa buluu wa jua lilelile. Gizani hakitengenezi kitu. Sisi wanadamu hatuna kimeng'enya hicho. Miili yetu hutumia njia nyingine.

Tulijifunza hayo pamoja juma lilelile tulipogundua kwamba fedha za hija yetu zimepungua. Kila mmoja alijua, nasi sote tuliendelea kuimba. Sasa tumeahirisha kuwapokea wanachama wapya. Tutakutana Jumamosi, mchana, daftari la michango likiwa wazi mezani.