Mashine ya Kufagia Nyumba ya Mama



 Sisi tuko Nchelenge, ukingoni mwa ziwa Mweru. (Msishangae kusikia Kiswahili upande huu wa Zambia. Kuna wavuvi na wafanyabiashara wanaovuka kutoka Pweto na Kilwa ya Kongo, kuna ndugu zetu wakimbizi wa Mantapala waliopokelewa tangu 2018, na zamani zaidi Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe kule Mofwe mwaka 1867 alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiarabu, ameshakaa huko miaka mingi. Babu yetu alikuja baadaye sana, kutoka Ujiji, kwa ajili ya samaki wakavu.)

Leo tumeona tuandike juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka, nalo ni mashine za roboti zinazofagia na kupiga deki zenyewe. Nyumba yetu ilibishana juu ya mashine hizi karibu mwaka mzima, na kwa kuwa wengi mna jamaa Uarabuni au Ulaya wanaotaka kuwatumia wazee kitu kama hiki, huenda mabishano yetu yakawafaa.

Ilianza Ramadhani ya mwaka 2024. Mdogo wetu wa mwisho yuko Muscat, anafanya kazi katika duka la vyombo vya umeme. Alipiga simu ya video baada ya futari amsalimie mama, simu ikawa mikononi mwa mtoto anayezunguka nayo nyumba nzima, na mdogo wetu akamwona mama ameinama na ufagio mfupi, mkono mmoja kiunoni, anakusanya makombo sebuleni. Hakusema kitu. Siku ya pili akatuletea ujumbe mrefu: mama amepita miaka 70, mgongo umekwisha, na nyinyi mko hapo hapo mnamtazama? Nitanunua mashine. Akatuma picha za mashine nne, akasema chagueni moja, bei msiulize.

Maneno yale yalituuma kwa sababu hatukuwa na jibu. Sisi ndio tunaoishi na mama, watoto wake wawili, mawifi na wajukuu, na kila siku tunapita mbele yake akiwa ameinama. Tukiuchukua ufagio anaudai arudishiwe, nasi tukazoea. Aliyekuwa mbali ndiye aliyeona. Basi badala ya kuzungumza juu ya hilo, tukakimbilia kuzungumza juu ya mashine, maana ni rahisi zaidi.

Mashine zenyewe zilikuwa hizi: Roborock S8 MaxV Ultra, Dreame X40 Ultra, Ecovacs Deebot X2 Omni, na Roomba Combo j9+ ya kampuni ya iRobot. Zote ni za daraja la juu. Zilipoingia sokoni Marekani bei zake zilikuwa dola 1,799, 1,899, 1,499 na 1,399. Ile ya kwanza kwa riali za Oman ni karibu 690, na tulipokokotoa kwa kwacha ya siku zile ilipita 40,000. Wifi yetu aliposikia alikaa chini kwenye mkeka, akauliza kama inapika pia.

Tukajifunza kwanza habari ya nguvu ya kuvuta vumbi, ambayo hupimwa kwa paskali. Roborock hiyo wanasema ni 10,000, Dreame 12,000, Ecovacs 8,000, na iRobot hawakutangaza namba ya hiyo yao. Mwanzoni tulidhani mwenye namba kubwa ndiye mshindi. Kumbe namba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu uchafu hunyanyuliwa pia na brashi ya chini na upepo unaopita, na tena uchafu wa kwetu si nywele za paka kama kwenye matangazo. Kwetu ni mchanga wa ziwani unaoingia na miguu ya watoto, majivu ya mbaula (hilo jiko letu la mkaa), na magamba ya samaki, ambayo yakikauka hushika kwenye saruji kama gundi.

Kwenye kupiga deki ndipo zinapotofautiana hasa. Roborock ina kitambaa kimoja bapa kinachotetemeka hadi mara 4,000 kwa dakika. Dreame na Ecovacs zina vitambaa viwili vya duara vinavyozunguka, na Dreame inaweza kuvivua yenyewe na kuviacha kituoni inapokwenda kufagia zulia, jambo lililotufurahisha kwa ajili ya miswala. Roomba ina kitambaa kimoja kwenye mkono unaokinyanyua hadi juu ya mgongo wa mashine ikikuta zulia. Nzuri, lakini kituo chake hakikioshi kitambaa hicho, sharti ukitoe na kukifua mwenyewe, na sasa ni nani huyo atakayeinama kukitoa kama si mama? Zile tatu nyingine huosha vitambaa vyake kituoni kwa maji ya moto na kuvikausha.

Ecovacs ni ya mraba, si duara, kwa hiyo hufika vizuri kwenye pembe za ukuta. Roomba hutafuta njia kwa kamera, hivyo inahitaji mwanga. Nyumba yenye giza inaitatiza.

Ama kuhusu kamera, hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kote. Mashine zote nne zina kamera mbele, ili zitambue viatu na nyaya. Sasa fikirini nyumba ya Kiislamu, ambamo mabinti na kina mama wamevua mitandio yao, wametulia, na kitu chenye jicho na intaneti kinatembea chini ya miguu yao. Mtasema tunazidisha. Lakini Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review lilieleza jinsi picha zilizopigwa na mashine za Roomba mwaka 2020, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilivyofika kwa vibarua wa kupanga picha na kutoka hapo zikaingia mitandaoni. Ni haki tuseme kwamba zilikuwa mashine za majaribio na wenye nyumba walikuwa wamekubali kurekodiwa. Na mwezi Mei 2024, katika miji kadhaa ya Marekani, mashine za Ecovacs X2 zilidukuliwa. Familia moja ya Minnesota ilisikia mashine yao ikiwatukana matusi ya kibaguzi sebuleni mwao. Dini yetu imetufundisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu. Hiki kinaingia bila hodi. Tukamwandikia mdogo wetu kwamba mashine yenye kamera hatuitaki, hata ikiwa bure.

Akajibu kwa hasira kidogo: basi nyote wanne mmekataa mashine nne, mama aendelee kuinama?

Lipo pia suala la tahara, ambalo dada mkubwa ndiye aliyelileta. Tuna mtoto mchanga na kuku wanaoingia jikoni. Mashine ikipita juu ya najisi, inaifuta au inaitembeza nyumba nzima? Tulimuuliza ustadhi wetu, akatukumbusha kisa cha bedui aliyekojoa msikitini na Mtume (s.a.w.) akaamuru pamwagwe ndoo ya maji. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, najisi huondolewa kwanza yenyewe, kisha mahali pake hupitishwa maji. Kitambaa chenye unyevu hakisafishi kisheria, hata kama sakafu inang'aa na kunukia. Kwa hiyo mashine ni ya vumbi. Penye mkojo au kinyesi cha kuku panataka mtu na maji kabla haijawashwa. (Wenye madhehebu mengine waulizeni masheikh wenu.)

Halafu umeme. Mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma, Kariba imekauka, na tarehe 29 Februari 2024 ukame ulitangazwa kuwa janga la taifa. Ilifika wakati sehemu nyingi za nchi zilikaa bila umeme hadi saa 21 kwa siku. Mashine ikichajiwa ikajaa hufanya kazi saa mbili hata tatu, sawa, lakini kile kituo cha kuoshea kwa maji ya moto hakina betri. Umeme ukikatika vitambaa vinabaki vimelowa, na vikilala vimelowa kwa joto la Mweru, harufu yake ni sawa na chisense walionyeshewa. Na kile kituo kinataka maji lita nne safi. Maji yenyewe hubebwa na nani, mnajua.

Vizingiti ni kitu kingine. Mashine nyingi za aina hii hupanda kimo cha sentimita mbili hivi. Marehemu baba alijenga vizingiti vya sentimita nane ili maji ya masika yasiingie vyumbani. Kwa hiyo katika nyumba ya vyumba vitano, mashine ya dola 1,799 ingefagia kimoja, kisha isubiri kubebwa.

Mpaka hapo mama mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Wote tulijua ni kwa ajili yake, na hakuna aliyemuuliza. Siku moja akatusikia tunabishana ukumbini, akaja na chai yake, akauliza ni nini hicho. Tukamwonyesha kwenye simu. Akaitazama sana ikizunguka chini ya kiti cha watu wa Ulaya, akasema mashaAllah, ina adabu. Kisha akauliza: "Inakuja naye?"

Hatukuelewa mara moja. Akauliza tena, mtoto anailetea mwenyewe au anaipeleka posta?

Ndugu wasomaji, mdogo wetu alikuwa na miaka sita hajakanyaga Nchelenge. Baba alipofariki hakuwahi kuja. Siku ile tikiti ilimshinda, na sisi hatukumlaumu, au tulisema hatumlaumu. Mama hakupata kulitaja jambo hilo hata mara moja. Usiku ule dada mkubwa alimpigia simu, akamweleza neno la mama kama lilivyosemwa. Alinyamaza hadi tukadhani bando limekwisha.

Alikuja Februari 2025, siku chache kabla ya Ramadhani, wakati ziwa limefungwa kwa wavuvi kama kila mwaka kuanzia tarehe mosi Desemba, na Kashikishi iko kimya. Kwenye sanduku lake alikuwa na mashine ndogo, chini ya riali 100, isiyo na kamera. Inatafuta njia kwa miali ya leza, ina kitambaa kimoja cha kuvuta nyuma, na haina kituo cha kuosha. Aliinunua Oman, na hilo nasi tunawahimiza, kwa kuwa plagi na umeme wa kule vinalingana na vya Zambia. Ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukichomeka kituo chake hapa utakiunguza.

Lakini kitu kilichomsaidia mama zaidi hakikutoka kwenye sanduku. Asubuhi ya pili mdogo wetu alikwenda kwa fundi seremala sokoni, akarudi na mpini mrefu uliofungwa ufagio wa majani, na mwingine wa dekio. Kwacha chache tu. Mama akafagia uwanja mzima amesimama wima, akiwa katika dhikri zake kama kawaida. Tulitazamana kwa aibu. Miaka yote hiyo tumelala nyumba moja naye, na hakuna aliyefikiria mpini. Alituambia pia kwa nini uwanja hataki kumwachia mtu: jirani akiona uwanja una alama za ufagio alfajiri, anajua bibi kaamka salama, haji kubisha.

Ndani tumegawana zamu sasa, kila mtu na siku yake, na mama kakubali kwa sharti la uwanja kubaki wake. Mashine ina Ijumaa, kabla watu hawajaenda msikitini, umeme ukiwapo. Kisanduku chake cha vumbi hujaa mchanga kabla sebule haijaisha, na nyuzi za mkeka huzitafuna kila wiki, basi mkeka tunaukunja kwanza. Brashi ya pembeni imeshakatika mara mbili. Mwenye kuagiza aagize za akiba pamoja na mashine, maana kuanzia hapa hadi Lusaka hatujaona pa kuzinunua. Na kampuni yenyewe iangalieni: iRobot, ambao walitoa Roomba ya kwanza mwaka 2002 na kuzoesha dunia vitu hivi, Desemba 2025 walikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi.

Watoto wameipa jina Kobe. Juzi chaji ilimwishia katikati ya ukumbi, na umeme hakuna. Mama alikuwa anapita kwenda kutawadha, akasimama, akaisukuma taratibu kwa ncha ya mpini wake hadi ukutani, akaifunika kipande cha kanga isipigwe vumbi, akaenda zake.