Zulia la Baba na Maswali Ambayo Sikuyauliza

Nimekuwa kimya kwa muda, na wanaonifahamu wanajua sababu. Tulimzika baba kijijini kwetu Milola, mkoani Lindi. Habari za msiba wenyewe sitaziandika leo, bado moyo haujakaa sawa. Leo nataka kuandika habari za zulia. Najua unajiuliza, mtu kafiwa na anaongelea zulia? Nivumilie kidogo, msomaji wangu. Zulia hilo limenifundisha jambo ambalo nilidhani nalijua siku nyingi, tena nalilia mshahara.

Zulia lenyewe ni la sufu. Ni jekundu, lina pindo jeupe na matamvua pande mbili. Baba mdogo alilinunua soko la Matrah, Muscat, miaka ya tisini, enzi anafanya kazi huko. Alipolileta, kijiji kizima kilikuja kulitazama. Sisi watoto tulikatazwa kulikanyaga. Wengine wote tulikaa kwenye mkeka, zulia likawa la wageni na la baba. Upande wa dirishani kuna doa la kahawa, mahali alipokuwa anakaa jioni na redio yake. Kila mtu nyumbani analijua doa hilo.

Sasa, msiba wa kwetu unaujua. Watu wanaingia, wanatoka, wanalala, wanakula. Mikeka na majamvi hayakutosha, zulia likatandikwa nalo. Matanga yalipoanuliwa lilikuwa limeshiba mchanga, mchuzi na maji ya kila aina. Mama akaliangalia, akaniambia, "Mwanangu, wewe unarudi Dar. Nenda nalo, huko kuna wataalamu. Nataka siku ya arobaini watu wakae kwenye zulia la baba yako, liwe safi."

Basi nikalikunja, likapanda pikipiki, likapanda Noah, likapanda basi. Zaidi ya kilomita 400 hadi Mbagala, nimelikumbatia kama mtoto.

Hapa ndipo lilipotokea kosa langu, na naomba nilieleze bila kujitetea.

Jirani na ninapokaa kuna vijana wanaosha magari. Kama unaishi Dar umewaona, mazulia yananing'inia ukutani yakitiririka maji, na kibao kimeandikwa "Tunaosha mazulia, masofa na magodoro kwa utaalamu". Nikaona neno utaalamu, nikaridhika. Nikauliza swali moja tu: "Shilingi ngapi?" Wakasema elfu kumi. Nikalipa, nikaenda zangu kazini kuuliza watu wengine maswali.

Jioni nikarudi. Walikuwa wamelimwagia sabuni ya unga, wamelisugua kwa brashi ngumu, kisha wakalipiga maji ya presha, yale yale wanayopigia matope ya chini ya gari. Wekundu ulikuwa umechuja na kuingia kwenye pindo jeupe. Upande mzima pindo limekuwa la waridi. Nilipouliza, kijana akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, ungetuambia ni la sufu."

Nilikuwa na hasira, lakini kijana yule hakukosea peke yake. Mimi nilikuwa najua ni la sufu. Yeye hakuuliza, na mimi sikusema.

Kibaya zaidi, nililichukua likiwa bado bichi, nikalikunja na kulisimamisha koridoni, maana sikuwa na pa kulianika. Siku ya tatu chumba kizima kilikuwa kinanuka uvundo. Wataalamu wa majengo wanashauri kitu kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, la sivyo ukungu unaanza kuota. Sisi wa pwani, na hewa yetu iliyojaa unyevu, hatuna hata anasa ya kusubiri hizo saa zote. Wakati huo mama anapiga simu kila jioni. "Zulia la baba yako limefikia wapi?" Namjibu, "Linakauka, mama." Usiku silali.

Mwenzangu mmoja kazini akanielekeza kwa kijana mwingine, ana banda lake upande wa Temeke. Nilifika nikiwa nimejiandaa kuuliza bei. Sikupata nafasi, yeye ndiye aliyeanza kuniuliza mimi.

"Dada, hili umelipata wapi? Lina miaka mingapi? Limeshaoshwa na nani, kwa sabuni gani? Nyumbani kuna mtoto mchanga, au mwenye pumu? Unalihitaji lini?"

Kisha akaligeuza. Alinionyesha kwamba zulia lililofumwa kwa mkono, ukiangalia mgongoni unaona mafundo yenyewe, na ua la juu linaonekana pia chini. Mengine ya kiwandani yamegandishwa kwa gundi na kushikizwa kitambaa cha pili mgongoni. Hilo likilowa sana gundi inaachia, zulia linaanza kujikunja na kumeguka. Akachomoa uzi mmoja kwenye tamvua, akauwasha kwa kiberiti. Ulinuka kama nywele zinazoungua. "Sufu hii," akasema. Nyuzi za plastiki, kama polipropilini iliyojaa kwenye mazulia ya bei nafuu ya Kariakoo, haziungui hivyo. Zinayeyuka na kuwa kidonge kigumu.

Tofauti hiyo si mchezo. Sufu ni nywele za kondoo. Ukiipa maji ya moto na kuisugua kwa nguvu, inasinyaa na kushikamana. Ukiipa dawa ya klorini, ile wengi tunayoiita jiki, inaliwa kabisa. Sabuni ya unga nayo ni kali kwake, na rangi nyingi haziivumilii. Zulia la plastiki linastahimili mengi zaidi. Kwa hiyo mtu anayeosha yote kwa njia moja anacheza bahati nasibu na mali yako.

Akachukua kitambaa cheupe, akakilowesha, akakikandamiza kwenye wekundu kwa dakika moja, akakiangalia. Kilikuwa na rangi. Nikacheka kwa uchungu, maana hilo mama analifanya kwa kila khanga mpya kabla ya kuifua na nyeupe. Mwanawe msomi nikalisahau.

Hakugusa maji siku hiyo. Kwanza alililaza kifudifudi juu ya chaga za mbao, akalipiga taratibu mgongoni. Mchanga uliotoka, jamani! Mchanga wa Milola ulijaa beleshi. Akanieleza kwamba mchanga ukikaa chini ya nyuzi, kila unapokanyaga unazikata polepole, na ukiumwagia maji kabla ya kuutoa unageuka tope na kuzama zaidi.

Hapo nikakumbuka kitu nilichowahi kusoma. Mwaka 1901 mhandisi mmoja wa Uingereza, Hubert Cecil Booth, alitengeneza mashine kubwa ya kuvuta vumbi. Ilikokotwa na farasi, inaegeshwa nje ya nyumba, na mipira inapitishwa madirishani. Mwaka 1902 mashine zake zilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa mfalme Edward wa Saba. Kazi yote ile ya kifalme ilikuwa ni kutoa vumbi kavu. Na mama yangu, kila Ijumaa asubuhi, anatoa mikeka nje, anaigeuza na kuikung'uta kwa fimbo kabla hajaipitishia kitambaa kibichi. Hajawahi kumsikia Booth. Utaalamu ulikuwa nyumbani siku zote, mimi nikaufuata Dar kwa basi.

Baada ya vumbi ndipo kijana akaosha. Maji ya baridi, sabuni laini, kisha maji yenye siki kidogo ili kuvunja nguvu ya ile sabuni ya unga iliyobaki. Akakamua kwa mashine ya kufyonza maji, akalitundika juu ya bomba nene kivulini, na feni mbili zikilipulizia. Juani hakuliweka, alisema jua kali la kutwa nzima linapausha. Bei ilikuwa shilingi elfu arobaini na tano. Kuhusu pindo akaniambia ukweli, "Wekundu nitaupunguza, kuumaliza siwezi. Anayekuambia ataumaliza, mkimbie."

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. Alikuwa ameinama upande wa dirishani, kidole kiko kwenye kahawa.

"Na hili doa, unataka litoke? La zamani. Naweza kujaribu, lakini dawa inaweza kula na rangi yake. Sigusi mpaka useme."

Nikashindwa kujibu. Nikatoka nje, nikampigia mama. Hapo ndipo nikalazimika kumweleza yote, pindo, uvundo, wiki mbili za kusema "linakauka". Mama alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Hilo doa mwambie aliache."

Fikiria kama wale vijana wa kwanza wangekuwa na dawa kali zaidi. Lingeondoka, ningelipa elfu kumi, na ningeshukuru.

Kwa hiyo kama una zulia la kuosha, hasa unalolijali, yachukue haya kutoka kwa mtu aliyeunguza vidole. Jua kwanza limetengenezwa kwa nini, na umwambie anayekwenda kuosha hata kama hajakuuliza. Muulize ataanza na nini, akikujibu maji, mtilie shaka. Muulize atajaribu rangi wapi kabla ya kulilowesha lote. Mwombe akuonyeshe mahali anapoanikia na akutajie saa litakapokauka, na lisikunjwe likiwa bichi kwa sababu yoyote. Kama anakuja nyumbani kuosha zulia lililogandishwa sakafuni, muulize maji yatatolewaje baada ya kuingia. Kubalianeni kabla ya kazi kuhusu nini kitafanyika likiharibika. Lipiga picha. Bei iwe swali la mwisho.

Zaidi ya yote, msikilize yeye anauliza nini. Asiyeuliza chochote ameshaamua kwamba zulia lako ni sawa na la jirani. Nasema hivi mimi ambaye mkate wangu ni kuuliza, na siku niliyotakiwa kuuliza kwa ajili ya baba yangu nikauliza bei.

Tuliwahi arobaini, zikiwa zimebaki siku mbili. Nililitandika mwenyewe, upande wa pindo la waridi nikausogeza ukutani chini ya kabati. Mama akaingia, akapiga magoti, akalinusa, akapitisha mkono kwenye doa la kahawa. Kisha akalivuta zulia kutoka chini ya kabati, akaligeuza mpaka pindo likaonekana.

"Usilifiche," akasema. "Likiliwa na mchwa huko chini nani ataona?"

Mchana watu wakaja wakakaa juu yake, wakasoma hitma. Nilihesabu waliouliza kuhusu pindo. Wawili tu. Wote mama aliwajibu, "Muulizeni huyu, mwandishi wa habari."