Makovu mawili na njia ya kurudi Masisi

Wiki tatu zimepita tangu tuongee hewani juu ya wamama wanaozaa kwa kupasuliwa. Simu ziliingia nyingi kuliko siku ile tulipoongelea bei ya makala. Baba mmoja aliuliza kwa hasira: "Kwa nini siku hizi waganga wanapasua tu? Mama zetu walizaa kumi bila kisu." Mama mmoja naye akauliza kinyume chake: kama kisu kipo, na sindano ya kuzuia maumivu ipo, kwa nini mtu ateseke? Hewani niliwajibu wote wawili kama mwandishi wa habari. Sikusema kwamba mimi mwenyewe nina makovu mawili kwenye tumbo. Leo nasema.

La kwanza ni la mwaka 2019, Masisi. Uchungu, ile wengi wetu tunaita bise, ulinianza siku ya tano jioni. Kwenye kituo cha afya walinipokea vizuri, lakini hadi siku ya Mungu asubuhi kichwa cha mtoto kilikuwa hakijashuka. Wanaume wanne wakanibeba kwa kipoyi hadi barabarani, kisha pikipiki. Ile pikipiki sitaki kuikumbuka. Kufika hospitali, wakanichoma sindano ya mgongo, wakanipasua, nikasikia mtoto analia nyuma ya kikwembe walichotandika mbele ya uso wangu. Binti. Alichelewa kulia, lakini alilia.

Hakuna aliyenieleza kwa nini nilipasuliwa. Mama mkwe alisema nyonga zangu ni ndogo. Shangazi wa bwana yangu alisema niliogopa kusukuma, na kwamba mwanamke aliyezaa kwa kisu hajui bado kuzaa ni nini. Tulikaa pale siku kumi na moja, na siku sita za mwisho hazikuwa za matibabu, zilikuwa za deni. Tulitoka baada ya kuacha mbuzi na simu kama rehani. Karatasi zangu za operesheni zilibaki kwao, kwa sababu fakitire ilikuwa haijaisha. Wakati huo niliona ni simu ndiyo hasara kubwa.

Mwezi wa 2 mwaka 2024 tulikimbia Sake, mimi nikiwa na mimba ya miezi mitano. Tulipata nafasi Bulengo, hema moja ya shitingi juu ya mawe ya volkano. Kambini mashirika yalikuwa yanatibu bure, kwa hiyo nilienda CPN mapema kuliko nilivyowahi kwenda nikiwa kwangu. Mkunga aliangalia kovu, akaniuliza maswali matatu. Kwa nini walikupasua? Kizazi walikipasua namna gani? Miaka mingapi imepita? Nilijibu swali la tatu tu.

Nilimwonyesha kovu, nikadhani anaweza kujisomea mwenyewe. Akacheka kidogo, akasema: "Mama, hili ni la ngozi. Mimi nauliza la ndani." Sikuwa ninajua kwamba hayo ni mambo mawili. Mganga anaweza kupasua ngozi kwa upande mmoja na kizazi kwa upande mwingine. Kizazi kikipasuliwa chini, kwa mstari wa kulala, kovu linashika vizuri, na mama anaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida mara nyingine. Kikipasuliwa juu, kwa mstari wa kusimama, kovu lile linaweza kuachana wakati wa bise, hata kabla ya bise. Hapo mtoto anakufa kwa dakika chache na mama anavuja damu ndani ya tumbo bila mtu kuiona. Ule mstari umeandikwa kwenye karatasi moja tu, na yangu ilikuwa rehani pamoja na mbuzi.

Wale wenye kovu moja la chini, wakijaribu kuzaa kwa kawaida, kati ya mia moja 60 hadi 80 wanafaulu. Kovu linaachana kwa kama mmoja kati ya 200. Mkunga aliponiambia hesabu hiyo niliona ni ndogo sana. Kisha akasema: "Ni ndogo kama uko mahali wanaweza kukupasua mara moja. Hapa kambini, huyo mmoja tunamzika."

Usiku ule nilianza kupima. Nawaambia namna nilivyopima, kwa sababu kwenye simu zenu nilisikia watu wanapima kitu kimoja tu: maumivu.

Kuzaa kwa kawaida kulinivuta kwa sababu ya maji. Pale Bulengo foleni ya maji ilikuwa inaanza saa kumi na moja asubuhi, na bidoni ni ya litre 20. Mama aliyepasuliwa hapaswi kubeba kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki sita hivi. Nani atanichotea? Bwana yangu alikuwa anatafuta vibarua mjini, anarudi usiku. Kuni tulizitafuta mbali, na wamama waliozifuata porini walikuwa wanabakwa, kila mtu anajua. Kidonda cha operesheni kinataka pakavu na usafi, na hema yetu mvua ikinyesha ilikuwa inaingiza maji chini. Halafu mtoto aliyepita njia ya kawaida, zile bise zinamkamua maji kwenye mapafu. Yule anayetolewa kwa operesheni kabla uchungu haujaanza, zaidi sana kabla ya wiki 39, mara nyingi anapumua kwa mbio siku za kwanza na anaweza kuhitaji oksijeni. Oksijeni na hema haviendi pamoja.

Kupasuliwa kwa siku iliyopangwa kulinivuta kwa sababu moja: kipoyi. Sikutaka tena kulala siku mbili na kichwa cha mtoto kimekwama. Wale wanaosema mama zetu walizaa kumi bila kisu, wanahesabu waliobaki. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2013-2014 ulikuta katika Congo yetu vifo 846 vya wamama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa wazima. Na kuna wale hawakufa, lakini kichwa cha mtoto kiliminya kibofu muda mrefu mpaka kikatoboka, mkojo unatoka wenyewe usiku na mchana. Panzi, kule Bukavu, pamoja na wamama waliobakwa, wanapokea pia wamama wa ugonjwa huo, fistula, ambao kosa lao ni kwamba operesheni ilichelewa.

Lakini kwa yule mama aliyeuliza kwa nini mtu ateseke, kisu nacho kina deni lake. Utafiti uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kutolewa mwaka 2019 ulikuta kwamba kufa baada ya kupasuliwa kwa kuzaa, hapa Afrika, ni karibu mara 50 kuliko katika nchi tajiri. Kisu ni kilekile. Kinachokosekana ni damu, mtu wa kuchoma sindano ya usingizi, na mtu wa kukuangalia usiku wa kwanza. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2015 kwamba nchi ikipita kama wamama 10 kati ya 100 kupasuliwa, kupasua zaidi hakupunguzi vifo. Kwetu, uchunguzi uleule wa 2013-2014 ulikuta kama 5. Kwa hiyo yule baba mwenye hasira anaweza kuwa na haki kwa kliniki fulani za mjini, ambako feza inapasua kabla ya mganga. Kwa Masisi hana haki. Kule wanaokosa kisu ndio wengi.

Na kila kovu linaongeza hatari kwa mimba inayofuata. Kondo la nyuma linaweza kujishika juu ya kovu na kukataa kutoka, na damu yake haisimami. Mama akifika kovu la tatu, la nne, kila operesheni ni ngumu kuliko ile ya mbele. Hili bwana yangu hakupenda kulisikia. Kwao ni watoto wanane.

Nilitumwa kwa mganga mjini. Alisema kama nilikwama siku mbili, inaelekea walinipasua chini kama kawaida, na miaka mitano imepita, kwa hiyo tunaweza kujaribu. Aliweka masharti: nizalie hospitali yenye chumba cha operesheni, nikalale karibu nayo kuanzia mwezi wa tisa, ndugu mmoja wa kutoa damu ajulikane mbele. Tena mtu asinipe dawa ya kuharakisha bise, iwe ya mizizi ao ya kidonge, kwa kuwa kizazi chenye kovu kikisukumwa na dawa kinapasuka mbio. Hilo la mizizi nililipeleka kwa mama mkwe mwenyewe. Alininunia siku mbili, kisha akaificha ile mizizi aliyokuwa ameleta kutoka Sake. Alikimbia mabomu na furushi la mizizi, mama wa watu.

Mwezi wa 6 bise zikaanza. Zilienda vizuri saa tisa nzima, nilitembea, nilikunywa busera, mkunga alinipima akasema sentimita saba. Nilifurahi. Nilimwona yule shangazi mbele yangu, nikamwambia moyoni: utaona. Halafu saa nne zikapita, ni saba tu. Halafu maumivu yakahamia kwenye kovu, na bise ilipokuwa inaachia, yenyewe hayakuachia. Mkunga alisikiliza moyo wa mtoto, akasikiliza tena, hakuniambia kitu, akatoka anakimbia.

Ni mvulana, kilo 3 na gramu 400. Mganga alikuja siku ya pili akaniambia kovu la ndani lilikuwa limebaki jembamba kama sashe ya soko. Alisema vile akiangalia mikono yake. Kama ningekuwa kwenye hema usiku ule, makala hii mngeandikiwa na mtu mwingine.

Sitawadanganya kwamba yaliyofuata yalikuwa mepesi. Kukohoa kulikuwa adhabu. Wamama wa mstari wetu wa mahema walinichotea maji siku kumi bila kuombwa. Siku ya kumi na mbili niliona aibu, nikabeba bidoni. Jioni kona ya kidonda ikafunguka, nikarudi kufungwa kitambaa kila siku kwa wiki tatu. Jirani yangu alizaa kwa kawaida juma lilelile, siku ya tatu alikuwa anafua nguo, na kusema kweli nilimwonea wivu. Ni baadaye tu aliniambia kwamba alivuja damu mpaka akaona giza, na sindano moja ya mkunga ndiyo ilimrudisha.

Siku ya kutoka nilikataa kuondoka bila karatasi. Mganga aliandika yote: sababu, mstari wa kulala, kovu kuwa jembamba, na chini yake, kwa herufi kubwa, kwamba mimba ingine isijaribiwe kwa njia ya kawaida, na isiingie kabla ya miaka miwili. Niliiweka kwenye nailoni, nikaipiga picha, nikamtumia dada yangu Bukavu na wifi yangu Uvira. Mkipasuliwa, ombeni karatasi hiyo. Mkinyimwa, ombeni mkunga awaandikie hata mistari miwili kwenye kadi ya CPN: kwa nini, na mstari gani.

Vita vilipofika Goma mwishoni mwa mwezi wa 1 mwaka 2025, na mwezi uliofuata kambi zikabomolewa, watu walibeba shitingi, sufuria, mbao. Mimi nilishika watoto na ile nailoni. Wengi wa mstari wetu walirudi kwao. Jirani yangu alirudi, anaweza. Akipata mimba, kituo cha afya cha kijiji kinamtosha, Mungu akisaidia. Mimi siwezi kurudi hivihivi. Mwanamke wa makovu mawili akipata mimba anapaswa kuishi karibu na chumba cha operesheni, na kwetu ni saa nyingi za tope. Sasa natumia kijiti cha mkononi cha miaka mitatu. Bwana yangu anakijua. Mama yake hakijui, na kila tunapoongea kwa simu ananiuliza kama mvulana wangu hajaomba mdogo wake.

Mwezi uliopita bwana yangu alienda kuangalia shamba. Nilimwomba apite kwenye ile hospitali ya 2019, aangalie kama wanaweza kupasua. Alirudi na mfuko wa viazi. Akasema meza ya operesheni ipo, taa ipo, jenereta iliibwa, na mganga aliyekuwa anapasua yuko Goma hapahapa, naye amekimbia kama sisi.