Silinda ya Tatu

Injini ya Volkswagen ya zamani haina rejeta. Haina maji, haina mpira wa kupasuka, haina kitu cha kuchemka kikakuacha porini umefungua boneti na mvuke unakupiga usoni. Ina feni inayozungushwa na mkanda, na feni hiyo inavuta hewa na kuisukuma juu ya silinda nne zilizolala ubavu, mbili huku na mbili kule, zenye mapezi membamba ya kutolea joto. Kwa mtu wa Tabora hiyo ilikuwa sababu tosha ya kuipenda. Kabla maji ya Ziwa Victoria hayajaletwa kwa bomba, kulikuwa na miezi ya kiangazi ambayo hakuna mama angekubali gari linyweshwe ndoo ya maji na watoto hawajaoga. Watu wengine walilisifu kwa sababu lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki, mara ya mwisho mwaka 1962. Baba alilisifu kwa sababu halikugombea maji na sisi.

Lake lilikuwa la miaka ya 1960, injini ya sentimita za ujazo 1,192, nguvu za farasi 34, ambazo leo unazipata kwenye pikipiki mbili na chenji ikabaki. Alilinunua kwa mtu wa reli mwenzake aliyestaafu na kurudi kwao. Alilitunza kama watu wa reli wanavyotunza kitu, yaani kwa ratiba, si kwa mapenzi. Oili lita mbili na nusu, tarehe imeandikwa kwa penseli ukutani. Miaka ile ya uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi yalipokatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, ndiyo saa aliyoitumia kuchungulia valvu. Mimi nilishika tochi. Kaka zangu walikuwa na mpira wa kucheza. Mimi nilikuwa na tochi, na sheria yake moja: mwanga uende ziliko spana, si aliko mshikaji.

Alipofariki, wanaume walilibeba jeneza, wakipokezana mabegani hadi makaburini. Sisi wanawake tulibaki ndani na Yasini. Sina ugomvi na utaratibu huo, ndimo nilimolelewa. Ila mikono yangu ilibaki bila kazi, na haikuzoea.

Baada ya arobaini nguo zake ziligawiwa, baiskeli ikapata mwenyewe, saa ikaenda kwa mjukuu. Volkswagen ilibaki chini ya mwembe kwa kuwa ilikuwa haiwaki tangu alipoanza kuumwa. Akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake na mizani ya kuning'iniza. Akataja bei ya kilo. Milango, kilo. Usukani, kilo. Injini nayo kilo, ingawa alikiri ina aluminiamu ndani na kwa hiyo angeongeza kidogo. Kaka zangu waliona ni haki, na kwa hesabu walikuwa sahihi. Mimi nikasema injini naitaka. Mama hakusema neno, akaenda kumtilia yule kijana uji.

Injini hiyo inashikwa na bolti nne tu kwenye giaboksi. Ukizifungua, ukachomoa nyaya, kebo ya mafuta na bomba la petroli, inarudi nyuma kidogo kisha inashuka juu ya jeki. Inakaribia kilo mia. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapa wakienda na kurudi Bagamoyo walibeba mzigo wa kama frasila mbili kila mmoja, kilo thelathini na kitu. Kwa hiyo niliyoishusha ilikuwa mizigo ya watu watatu. Nilisaidiwa na fundi mmoja wa Isevya, mzee aliyefanya kazi na baba karakana. "Shika huku, binti," aliniambia, "na usimwonee huruma, chuma hakilii." Tukaiweka juu ya meza ya mninga kwenye ukumbi wa nyuma, na hapo ikakaa msimu mzima wa mvua.

Sikutarajia kumkuta baba ndani. Kwanza tuliondoa bati la feni na kukuta nyigu wamejenga vyumba vya udongo katikati ya mapezi, hewa isipite kabisa. Hilo lilikuwa la miaka ya kusimama. Lakini chini ya hapo kila kitu kilikuwa yeye. Gasketi alizokata kwa mkasi kutoka katoni, matundu yake yamepigwa kwa ganda la risasi. Nati moja yenye kichwa kisichofanana na nyingine, ambayo mzee alipoiona alicheka: ilikuwa ya behewa. Na ndani kabisa, kwenye kono la pistoni, bushi ya shaba aliyoikereza mwenyewe, kwa sababu wakati ule kipuri cha dukani kilikuwa habari ya kusikia tu. Ukingoni mwake kulikuwa na mkwaruzo wa tupa, umetembea kidogo kushoto, kama mwandiko wake.

Tabora ina historia ya shaba ya aina hiyo. Mwaka 1916 Wajerumani, wamekatiwa njia ya bahari na wakiwa hawana sarafu, walizipiga wenyewe hapa kwenye karakana ya reli. Walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kama 16,000 hivi, na sarafu ndogo za heller kwa shaba iliyookotwa popote, maganda ya risasi yakiwemo. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Ganda lililoua mtu asubuhi likanunulia muhogo jioni. Shaba haikatai kazi. Inachotaka ni kuyeyushwa kwanza, na ikishayeyushwa haikumbuki.

Hapo ndipo niliposimama. Ile bushi ilikuwa imelika. Ukitikisa kono unasikia linavyocheza, na mzee alisema wazi kwamba tukiirudisha, injini itanoki kabla ya kufika Kaliua. Vipuri vya injini hizi havijaadimika, maana magari hayo yalizidi milioni 21 na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Ukiagiza, vinakuja na basi vikiwa kwenye boksi lenye harufu ya dukani. Kwa hiyo kila nilichokikuta kilikuwa na saini yake, na kila nilichotakiwa kufanya kilikuwa kuifuta: gasketi mpya mahali pa katoni yake, nati sahihi mahali pa nati ya behewa. Nikimaliza kazi vizuri, hatakuwemo. Nikiiharibu kazi ili abakie, nitakuwa na kinyago cha chuma chini ya mwembe.

Mtu wa magharibi ya nchi hii akikwama hivi anaiwazia Liemba, hata asipotaka. Meli ile iliundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikapigwa bolti kwa majaribio, ikafunguliwa tena na kutiwa kwenye makasha, na makasha yakapita hapa kwa reli kuelekea Kigoma. Ilipofika Julai 1916 na vita vimewaelemea, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi wake waliipaka mitambo yake grisi nzito, kila mahali. Ukiwaza sana kitendo hicho usiku hulali. Huyo ni mtu anayezika huku akipanga kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiinua meli mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza tena safari kwa jina jipya. Kisa hicho hupendwa kusimuliwa na kuishia hapo. Kinachofuata husemwa mara chache: miaka ya 1970 mitambo hiyo ya mvuke, iliyonusurika miaka minane chini ya ziwa kwa sababu ya grisi ya watu wale, ilitolewa ikawekwa ya dizeli. Meli ikaendelea kubeba dagaa na abiria. Sijamsikia mtu wa Kigoma akidai kwamba Liemba ilikufa siku hiyo.

Mzee hakuvutiwa na Liemba. Alisema meli ni ya serikali na haina mjane.

Nina mfano mwingine ninaouona mzito zaidi, nao ulipita karibu na nyumbani. Livingstone alipofariki Mei 1873 kwa chifu Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watumishi wake Susi na Chuma na wenzao waliamua kumrudisha pwani kwa miguu. Tunasifu uaminifu wao, lakini mara nyingi tunaruka walichofanya kwa mikono. Walimpasua. Moyo wake na matumbo wakavizika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi na kuukausha juani, wakakunja miguu ili urefu upungue, wakaufunga kwenye gamba la mti na turubai. Oktoba walifika Tabora, wakamkuta Cameron, Luteni wa jeshi la majini aliyetumwa kumsaidia mtu ambaye sasa alikuwa furushi. Cameron aliwashauri wamzike hapahapa. Walikataa. Yeye akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu kwa ajili ya safari yake mwenyewe, jambo lililowahi kunikera na sasa halinikeri: vyombo vilikuwa bado vinapima.

Mbele kidogo ya Tabora, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite. Basi wapagazi wakafunga fimbo na nguo kwa umbo la mtu, wakaituma maiti hiyo ya bandia irudi Tabora kwa heshima zote kana kwamba inakwenda kuzikwa, na Livingstone wa kweli wakamfunga upya kama mtumba wa nguo. Alifika Bagamoyo Februari 1874 akiwa mzigo kama mizigo mingine ya njia ile. Tarehe 18 Aprili akazikwa London.

Walimbadilisha mara tatu au nne ili wamfikishe. Angebaki mzima kama asingebebwa. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu juu ya meza ile ya mninga, petroli ya kuoshea vyuma ikinikausha vidole. Nyumba anayoonyeshwa mgeni pale Kwihara, ile tembe ya Livingstone na Stanley, nayo imejengwa upya. Udongo wa 1872 ulishakwenda na mvua. Mgeni anaingia, anavua kofia, na sioni kama amedanganywa.

Nikaitoa bushi ya baba. Sikuifanyia sherehe. Mzee aliisukuma kwa bolti na washa, ikatoka na sauti kavu, tukaweka mpya na kuisugua hadi pini ikapita kwa kidole bila kulazimishwa. Krenki ilipelekwa kukerezwa. Ringi mpya, gasketi mpya, na nati ya behewa ikarudi kwa mzee, aliyesema reli inaidai.

Ikabaki silinda ya tatu. Kila anayezijua injini hizi anajua shida yake. Waliozibuni waliweka kipoza oili ndani ya bati la feni, mbele ya njia ya hewa inayokwenda kwenye silinda hiyo, na kwa hiyo inapata upepo kidogo ambao tayari umeshapashwa moto. Valvu yake ya moshi huungua kabla ya nyingine. Kiwanda kilihamisha kipoza hicho mwanzoni mwa miaka ya 1970, gari letu likiwa limeshazaliwa na kasoro yake. Kipimo ambacho wengi wanakifuata ni milimita 0.15 kati ya valvu na kigongo chake, injini ikiwa baridi. Baba aliiachia ile ya tatu zaidi kidogo. Alisema kwamba valvu ikipata moto inarefuka, na isipoachiwa nafasi haifungi. Isipofunga haigusi kiti chake, na hapo kwenye kiti ndipo inapopoozea. Nafasi ikizidi, gharama yake ni kelele: tiki, tiki, tiki, hasa unapopunguza mwendo kuingia mtaani.

Sisi tuliifunga kwa kipimo cha wengi. Injini iliwaka, ikatoa moshi wa bluu wa oili ya kufungia, ikatulia, na ikaunguruma vizuri kuliko ninavyoikumbuka. Majirani walikuja. Kaka alipiga simu kusema kuna mtu Dar es Salaam anakusanya magari ya kale na ana pesa. Mama alitoka jikoni, akasimama na mwiko mkononi.

"Hili gari la nani?" akauliza.

Nikadhani ni utani. Haukuwa utani. Akaeleza, kama mtu anayeeleza bei ya mchele, kwamba miaka yote alikuwa akilisikia tangu kona ya msikiti, kile kigongo chake, akaanza kupakua. Chakula kilikuwa mezani mtu hajavua viatu.

Kifuniko cha valvu kinashikwa na waya mmoja wa springi. Unauchokonoa kwa bisibisi, unashuka, na hakuna kazi nyepesi zaidi kwenye gari lote. Jioni hiyo, injini ilipopoa, nililala chini ya bampa na fila geji, mtoto wa kaka ameshika tochi na anamulika uso wangu badala ya spana. Nikaiachia valvu ya tatu nafasi kwa kadiri baba alivyokuwa akiiachia. Asubuhi nikaliwasha.

Mama alisikiliza. "Linafanana," akasema, na hakuniongezea kitu. Sikumwomba aongeze. Kisha akaniambia kwamba mke wa mjomba wake amefariki Urambo, maziko ni kesho baada ya adhuhuri, na nauli ya basi kwa watu watano ni fedha nyingi. Je, litafika?

Nikamwambia litafika, tukienda kilomita sitini kwa saa na tukipumzika Usoke. Alitaka kujua kama nimepima oili. Nimepima. Alitaka kujua kama kuna mkanda wa feni wa akiba, kwa maana baba hakutoka nje ya mji bila mkanda wa akiba chini ya kiti. Ukikatika, feni inasimama, na injini isiyo na maji haina pa kukimbilia. Nikaenda sokoni kununua.