Usiku wa kupima maji Ismani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Denmark iligharamia mpango mkuu wa maji wa mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma. Tangu 1971 Serikali ilishaahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji atapata maji safi ndani ya mita 400. Njombe na Rungwe mambo yalikuwa mepesi: chemchemi ipo mlimani, bomba linateremka. Lakini Ismani, mkoani Iringa, ni kukavu. Kiangazi wanawake walifukua mchanga wa mito na kuchota kwa kata.

Mimi nilikuwa kibarua wa kuvuta waya. Ili kujua maji yako wapi chini ya ardhi, tulipigilia vyuma vinne, mtaalamu akapitisha umeme na kuandika. Mwamba mkavu huukataa umeme. Uliooza na kulowa maji huupitisha. Tatizo ni kwamba udongo wa mfinyanzi nao huupitisha, na maji ya chumvi vilevile. Upande wa Mbeya, kule Usangu, vyuma vilizama kwa mapigo mawili tu, udongo wote wa kuletwa na mito. Nani angedhani mto Ruaha Mkuu, upitao huko, ungekuja kukauka kiangazi, kama ulivyoanza 1993?

Kazi niliyoipenda ni ya usiku, kisima kikishachimbwa. Pampu inavuta saa nyingi mfululizo, kisha inazimwa, na hapo ndipo kipimo chenyewe kinapoanza. Unashusha utepe, ukigusa maji unalia. Mmoja anamulika tochi, mwingine anasoma saa. Maji yanayovutwa hayamwagwi jirani, yasije yakapenya na kurudi kisimani yakatudanganya. Tuliyapeleka bondeni kwa mpira mrefu, na akina mama wakapanga foleni huko na ndoo zao gizani.

“Kamwene, mwanangu,” bibi mmoja aliniamkia. “Mnazima kwa nini, na maji yanatoka?”

“Tunataka kujua yanarudi upesi kiasi gani, bibi.”

Hakuridhika. Mwenzetu kutoka Unguja akamweleza kwamba kwao maji matamu yamekalia maji ya bahari. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda, na kisima kikishaingia chumvi hakiponi upesi.

“Sisi hatuna bahari,” bibi akajibu, akajitwika ndoo.

Kulipokucha maji yalikuwa bado hayajarudi yote. Mtaalamu akasema mashine ya dizeli haifai hapo, ifungwe pampu ya mkono. Mwenyekiti wa kijiji alichukia, maana kijiji jirani kilikuwa na mashine. Walibishana mpaka chai ikapoa. Pampu ya mkono ndiyo iliyofungwa.