Vazi la Kushikwa

Nguo nyingi hufanya kazi mbili: kumsitiri mtu na kumpamba. Kanzu humsitiri mwenye kuivaa; joho na kilemba humtangulia barazani na kutaja cheo chake kabla hajatoa salamu. Ipo nguo moja, hata hivyo, iliyoshonwa kwa ajili ya mkono wa mtu mwengine. Nayo ni nguo ya judo.

Anayeanza mchezo huu huvaa vitu vitatu: koti, suruali na mkanda mweupe. Koti halina kifungo wala mfuko. Limefumwa kwa pamba nzito yenye vijipunje mithili ya mchele, na ukosi wake umeshonwa kwa tabaka kadhaa, ili livutwe na kupindwa bila ya kuchanika. Mikono yake ni mipana kwa makusudi, kwani mpinzani lazima apate pa kushika. Hapo ndipo lilipo fumbo la kwanza: mwanafunzi hujivika mwenyewe kamba atakayoangushiwa. Asiyekubali kushikwa hatajifunza kuangusha. Ndiyo maana masomo ya mwanzo huwa ni ya kuanguka: kidevu kuinamishwa kifuani, mkono mzima kuupiga mkeka, ili kishindo kisambae na kichwa kisalimike.

Lipo pia agizo ambalo mgeni huliona dogo. Upande wa kushoto wa koti hulazwa juu ya ule wa kulia, kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Sababu yake imo katika mila ya Kijapani: kulia juu ya kushoto ni mavazi ya maiti. Msomaji wa visiwani, aijuaye sanda na adabu zake, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mkanda nao huzungushwa kiunoni mara mbili, ukafungwa mbele kwa fundo bapa, ncha zake zikabaki sawa. Ukilegea, koti hufunguka na mchezo husita. Kwa hivyo hata fundo ni sehemu ya heshima kwa mwenzako.

Daraja zinazotambulishwa na mkanda huo zina asili inayofaa kuelezwa. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, juu ya mikeka 12 tu, alikuwa mwalimu kwa kazi yake. Katika skuli za kale za jujutsu, mwanafunzi alipewa vyeti vichache, na baina ya kimoja na chengine aliweza kungoja miaka mingi. Kano aliona kwamba mwenye kupanda huhitaji vidato vilivyo karibu. Akaazima neno dan kutoka mchezo wa go, ambao wachezaji wake hupanga kete nyeupe na nyeusi ubaoni na tangu zamani walikuwa wakipimana kwa daraja. Mwaka 1883 aliwapa dan ya kwanza wanafunzi wawili, Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro. Mkanda mweusi ulifuata miaka michache baadaye.

Chini ya dan zimo daraja za kyu, ambazo huhesabiwa kwa kushuka hadi kufikia ya kwanza. Dan huhesabiwa kwa kupanda. Huko Japani mtu mzima huvaa mweupe, kisha kahawia, kisha mweusi. Msururu wa rangi unaojulikana na wengi, yaani njano, chungwa, kijani na buluu, ulistawi Ulaya, na aliyeueneza zaidi ni Kawaishi Mikonosuke, aliyefundisha Paris kuanzia miaka ya 1930. Kuanzia dan ya sita hadi ya nane mkanda huwa wa vipande vyekundu na vyeupe. Ya tisa na ya kumi ni mwekundu mtupu. Husimuliwa kwamba hapo zamani mkanda mmoja tu ulitumika, haukufuliwa, na jasho la miaka likaugeuza kutoka weupe hadi weusi. Ni ngano tamu, lakini si historia: mikanda ilitiwa rangi na mafundi.

Rangi hizo ni za nini basi? Mkekani zina kazi ya haki kabisa. Mkanda mweupe humwambia aliyeushika ukosi: huyu bado hajui kuanguka, mweke chini taratibu. Mkanda wa kahawia husema kwamba nguvu inaweza kuongezwa. Cheo, kwa maana hiyo, ni amana: ni kipimo cha jukumu alilobeba mtu juu ya mwili wa mwenzake. Ndiyo maana mkanda unaotolewa kwa fedha au kwa upendeleo hauishii kuwa uongo mdogo tu. Waswahili wana jina la heshima ya namna hiyo: kilemba cha ukoka. Tofauti ni kwamba kilemba cha ukoka humchekesha mtazamaji, na mkanda wa ukoka unaweza kumvunja mtu shingo.

Lakini dhuluma ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kumnyima mkanda aliyeustahiki. Hapa jina la Fukuda Keiko halina budi kutajwa. Alizaliwa Tokyo mwaka 1913. Babu yake, Fukuda Hachinosuke, ndiye aliyemfundisha Kano jujutsu, na Kano akailipa fadhila kwa kumwalika mjukuu aingie darasa la wanawake, naye akaanza mwaka 1935. Alikuwa mwanamke mfupi, wa takriban mita moja na nusu, na mwepesi wa uzito. Posa ilipomfikia, ilidhihirika kwamba kuolewa kungekuwa ni kuiacha judo. Akachagua mkeka.

Mwaka 1953 alipewa dan ya tano. Hapo akasimamishwa, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke aliyepandishwa zaidi ya hapo. Elimu yake iliongezeka, wanafunzi wake waliongezeka, akahamia California katika miaka ya 1960 na kufundisha huko, mkanda haukusogea. Hata mkanda mweusi wenyewe, kwa mwanamke wa Kijapani, ulipitiwa na mstari mweupe katikati kama alama ya utengano, na mstari huo ulidumu katika mashindano ya Japani hadi miaka ya 2010. Mwaka 1972, baada ya watu kuandika barua za kumtetea, yeye na mwenzake Noritomi Masako walikuwa wanawake wa mwanzo kupewa dan ya sita na Kodokan, skuli aliyoiasisi Kano. Mwaka 2006 Kodokan ikampa ya tisa. Ya kumi alipewa Marekani mwaka 2011, naye ana miaka 98. Alifariki mwaka 2013.

Kisa hiki kinaonesha mpaka wa mkanda. Katika miaka ile karibu ishirini ya kusimamishwa, Fukuda aliendelea kujua alichokijua, na kila aliyelishika koti lake mkekani aliutambua ukweli ambao vyeti vilikataa kuuandika. Rangi inaweza kuchelewa, kuuzwa au kuzuiwa. Mkono ulioshika ukosi ni vigumu kuudanganya.

Ama kijana anayefunga mkanda mweupe leo, awe Tokyo au Unguja, na akaanza kuhesabu miezi iliyobaki kabla ya mweusi, ataje kwanza jina la daraja analolitamani. Dan ya kwanza huitwa shodan, na maana yake ni daraja la kuanzia. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Bingwa mwenye mkanda mwekundu naye, akiingia mkekani, huinama kwanza, kisha humpa mwenziwe ukosi wake aushike.